Ukurasa wa Bwana Huruma

Sogeeni. Anayetafuna ameze kwanza, na mwenye chai mkononi aiweke chini, kwa sababu hadithi hii inatia kichefuchefu na sitaki mtu aje kusema sikumwonya. Simu nazo zizimeni. Kisa chenyewe kimetoka humo humo kwenye simu, na mkikisikiliza huku mnachungulia mtanifanya nipandishe hasira mapema, nami nimezitunza za baadaye.

Nitawapa watu wanne, wanawake watatu na mwanamume mmoja. Wanawake nitawaeleza kwa vipaji vyao. Mwanamume nitamweleza kwa uchafu wake, maana hakuwa na kingine kilicho chake.

Wa kwanza ni Sauda, na kipaji chake kilikuwa mikononi. Angempamba bibi harusi mpaka mama mzazi aulize huyu ni nani, lakini kazi iliyompa jina ni kuchora majeraha ya uongo. Mpe rangi ya midomo, wanja, poda na kijiko cha manjano ya jikoni, naye atakutengenezea shavu lililovimba hata wewe mwenyewe ukijitazama kwenye kioo ulie. Alijua kwamba pigo la leo ni jekundu, la juzi ni zambarau, na likianza kupona hugeuka kijani halafu njano pembeni. Watu walipomuuliza kajifunza wapi, alicheka kidogo akauliza kama maji yamechemka.

Wa pili ni Sikudhani, na kipaji chake kilikuwa mwili mzima. Akikuona asubuhi unakwenda sokoni, jioni anatembea kama wewe, na goti lako bovu limo, na kikohozi chako kimo. Siku moja alimwiga mjumbe wa mtaa nyuma ya pazia, na mke wa mjumbe aliyekuwa sebuleni akainuka kwenda kumpakulia mumewe chakula. Kulia kwake kulikuwa kitu cha kuomba tu. Ukimwambia alie jicho moja, analia jicho moja.

Wa tatu ni Mwamvua, naye kipaji chake kilikuwa macho na subira. Alishika kamera mchana, kisha akakaa na kompyuta yake akikata na kuunga. Angechukua siku nzima ya watu kusahau maneno na jogoo kuwika katikati, akaitoa dakika moja na nusu ambayo ukiianza huiachi. Alijua mahali pa kukata. Alikata kofi likiwa bado hewani, halijafika shavuni, ili wewe huko uliko ulazimike kufungua sehemu inayofuata.

Mwanamume ni Mhina. Alikuwa mume wa Sauda, kaka wa Mwamvua, na bosi wa wote watatu.

Wanne hawa walikuwa wakitengeneza tamthilia fupi za simu, katika mji mmoja wa machungwa huko Tanga, uani kwa Mhina. Mnazijua tamthilia hizo, msinitazame hivyo. Zinaanza na kofi, kwa sababu bila kofi mtazamaji anapita. Mume anammwagia mkewe mchuzi kichwani mbele ya mama mkwe. Mke analazwa jikoni. Halafu ghafla inajulikana kwamba huyo mke aliyekuwa akila ukoko ndiye mwenye hoteli ambayo mume anafagia, na hapo kisasi kinaanza. Mume anapigishwa magoti kwenye matope, anafuta viatu kwa shati lake, na watu huko kwenye simu wanapiga vigelegele. Hakuna anayepelekwa hospitali. Hakuna mtoto anayelia chumba cha pili. Kisasi kinaletwa kama pilau ya harusini, kimepikwa na wengine, kazi yako ni kula.

Na kila kisa kilipokwisha alitokea Bwana Huruma. Huyo alikuwa Mhina mwenyewe, kavaa kanzu nyeupe na kofia ya kushonwa, jirani mwenye busara. Anamfunika yule mke khanga mabegani, anaitazama kamera, anasema polepole, "Mwanamke hapigwi. Mwanamke anatunzwa." Kina mama walimpenda hata wakaanza kumwita jina hilo barabarani. Alialikwa harusini kuwaasa maharusi. Alipita shuleni kuzungumza na wavulana. Ukurasa wake wa simu uliitwa kwa jina hilo hilo, na watu walioufuata wangejaza mji ule na mji wa jirani. Mimi simwiti Bwana Huruma. Nitamwita Mhina, kwa sababu mdomo wangu si jalala.

Nyumba njema si mlango, na hii ukiingia ndani ulikuta Mhina anampiga mkewe. Nalisema hivi hivi bila kulizungusha. Alimpiga kwa sababu ya chumvi, kwa sababu ya simu iliyoita, kwa kuchelewa kujibu na kwa kujibu haraka. Na yaliyotokea chumbani juma hili ndiyo yaliyorekodiwa uani juma linalofuata. Waliomsifu walisema ni mtunzi hodari. Hakuwa anatunga, alikuwa anakumbuka. Kuna siku Sauda, akiwa sakafuni, alimwambia, "Niache nikamfunike mtoto kwanza." Mhina akashusha mkono.

"Hebu lirudie hilo," akasema. "Zuri hilo. Tutalitumia."

Sauda akalirudia. Mwenye kutaka kutema mate akateme nje, nitamngoja.

Asubuhi kazi ilikwenda hivi. Sauda alilifunika jeraha la kweli usoni mwake kwa poda, kisha akalichora la uongo usoni mwa Sikudhani, lile lile, pale pale. Kabla ya hapo Mhina alikwisha kumshika mkewe kidevu kwa vidole viwili, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha na kumwambia, "Nataka kama hili." Basi la kweli likafichwa, la uongo likaonyeshwa dunia nzima.

Walikuwa na binti, Hidaya, yuko darasa la sita. Wenzake walikuwa wakiigiza vile vipande wakati wa mapumziko, mmoja mume, mmoja mke, na wengine wanashangilia. Siku moja walimpa Hidaya awe mke. Akalisema lile neno la kumfunika mtoto, akalisema vizuri kuliko wote, kwa sababu mtoto aliyekuwa akingoja kufunikwa alikuwa ni yeye. Jioni akamuuliza mamake, "Mama, vile vitafutwa lini?" Tangu hapo Sauda alitaka kitu kimoja tu katika dunia hii: vipande vile vifutwe, vyote, pasibaki hata kimoja.

Najua mnachotaka kusema. Kwa nini hakushtaki? Sauda alipofundwa na somo yake aliambiwa kwamba mke ni stara ya nyumba, na la ndani halitoki nje. Alilishika fundisho hilo mpaka lilipomshinda. Siku hiyo akaosha uso, akaenda ofisini kwa mkubwa mmoja wa pale mtaani, akaonyesha shavu. Yule bwana akalitazama, akawaita wenzake.

"Njooni muone kazi ya fundi! Mama Hidaya, hii ni ya sehemu ya ngapi?"

Mmoja akaomba kupiga naye picha. Wakapiga, wakicheka, na yule bwana akamwambia amsalimie Bwana Huruma.

Mnaona alivyofungwa? Mji mzima ulijua kwamba jeraha usoni kwa Sauda ni rangi. Angeweza kutoka na jicho limezibika, watu wangemsifia manjano. Mikono iliyompa jina ndiyo iliyomnyima ushahidi, na mumewe alilijua hilo, ndiyo maana hakuuzuia mkono hata usoni, mahali ambapo wenzake wenye akili huwa wanapaepuka.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kila mmoja alipotia lake.

Aliyeanza ni Sikudhani. Joto lilikuwa kali, Sauda ameinama anamchora, na jasho likamtelemshia poda. Sikudhani akaliona shavu la mwenzake kwa karibu, likiwa na jeraha lile lile ambalo kwenye shavu lake yeye lilikuwa bado halijakamilika.

"Dada Sauda, hilo ni la nani?"

"Tulia, utaniharibia mstari."

"Nakuuliza, hilo la nani?"

"La sehemu ya leo," Sauda akasema, akachukua poda.

Sikudhani hakuuliza tena. Akaanza kutazama, kama alivyowatazama watu wote maishani mwake. Akaona kwamba Mhina akipita nyuma ya mkewe, hata kama anafuata maji ya kunywa tu, kiwiko cha kushoto cha Sauda kinapanda kufunika sikio. Akasikia kwamba akiitwa ghafla Sauda hajibu "abee", anasema kwa sauti ndogo, "Basi, baba Hidaya." Akayachukua yote mawili akayaweka mwilini mwake, hakumwambia mtu.

Ikaja siku ya kurekodi sehemu ya mwisho. Sikudhani ni mke aliyepigwa, amekaa kwenye mkeka. Mhina anaingia na kanzu yake na khanga mkononi. Ilikuwa imepangwa kwamba Sikudhani alie jicho moja na kusema, "Asante, Bwana Huruma." Mhina akakaribia, akainama na khanga. Kiwiko cha kushoto cha Sikudhani kikapanda sikioni. Na mdomoni mwake ikatoka sauti ya Sauda, ile ndogo ya ndani, ambayo nje ya nyumba ile hakuna aliyewahi kuisikia.

"Basi, baba Hidaya. Basi."

Khanga ikaanguka. Sauda, aliyekuwa amesimama kando na beseni lake, akaziba mdomo. Mhina akabaki ameinama, uso unambadilika huku watu wanatazama.

"Kata!" akasema.

Hapo ikawa zamu ya Mwamvua. Huyu sitampaka asali, kwa hiyo msinione mkatili. Mwamvua alijua. Alilala chumba cha uani, na kelele zikianza alivaa vile vidude vya kusikilizia masikioni akaendelea kuunga vipande. Kila alipomgusia mama yao, mama alisema damu ni nzito kuliko maji, na kwamba ni kaka huyo aliyemsomesha. Miaka ikapita hivyo. Na uani kwa Mhina kulikuwa na sheria moja: akisema kata, kamera inakufa papo hapo, hakuna kuuliza. Mwamvua hakuwahi kuivunja.

"Nimekata, kaka," akasema.

Hakukata. Kidole chake kilikaa mbali na kitufe, na taa nyekundu ya kamera ikaendelea kuwaka.

Mhina akaamini. Akamfuata Sikudhani pale mkekani. "Nani kakufundisha hiyo? Nakuuliza, nani kakufundisha? Nyumbani kwangu hakuna wa kuninyanyulia mkono!" Akampiga, kofi la kweli, kwa mkono wazi, kwenye sikio. Sikudhani aliyeanguka mara nyingi mbele ya kamera, safari hii alianguka vibaya, kandambili moja huku nyingine kule, mdomo wazi bila sauti. Hakuigiza kitu.

Kisha Mhina akamgeukia mkewe. "Na wewe ndiye mwalimu, siyo? Tumalize hapa. Leo utanitambua."

Halafu akaiweka sawa kofia yake. Akakung'uta kanzu. Akatabasamu lile tabasamu la harusini.

"Haya," akasema kwa upole. "Turudie. Mwamvua, washa."

Sauda alikuwa ameiona taa nyekundu. Alijua haijazimwa. Angeweza kusimama tu akangoja, na kama angesimama, Mhina angesema baadaye kwamba lile kofi lilikuwa mchezo, na watu wangekubali, maana amewazoesha. Sauda hakusimama. Alikwenda kupiga magoti mkekani na beseni lake, kama ilivyo kazi yake kila wanapomaliza. Akalowesha kitambaa, akatia sabuni, akamwosha Sikudhani shavu. Zambarau ikatoka, wanja ukatoka, maji yakawa machafu na shavu likawa safi.

Kisha kwa kitambaa kile kile na maji yale yale akajiosha yeye, ameielekea kamera. Poda ikatoka. Chini yake kulikuwa na jeraha lile lile, mahali pale pale. Akalisugua. Akatia sabuni tena akasugua tena kwa nguvu mpaka machozi ya maumivu yakamtoka, na jeraha likabaki.

"Yake imetoka," akasema. "Yangu haitoki."

Mwanamke aliyefundwa stara, mama wa mtoto anayechekwa shuleni, aliyetaka vipande vyote vifutwe, alitoa kipande kimoja zaidi kwa mikono yake.

"Unafanya nini, wewe?" Mhina akapiga kelele. Hapo ndipo na yeye alipoiona taa.

Mwamvua akaikumbatia kamera akakimbia. Akapita mlango wa uani, akapita kwa wachambuaji wa machungwa, kaka yake nyuma anamwita kwa majina ambayo dada haitwi. Kina mama wa machungwa wakasimama njiani na matenga yao, kwanza kwa kushangaa, baadaye kwa makusudi. Mwamvua akaingia duka la kuchajia simu akakipandisha kile kipande kwenye ukurasa wa Bwana Huruma, ambao neno lake la siri alikuwa nalo, kizima, kuanzia khanga mpaka beseni. Fundi wa kukata hakukata hata sekunde moja, kwa sababu alijua kwamba angeitoa hata moja, watu wangesema kimeungwa.

Kabla ya alasiri mji ulikuwa umeona. Mhina akajitetea kama nilivyowaambia: ulikuwa mchezo. Akaulizwa na rangi isiyotoka je, nayo ni mchezo? Akafungwa. Sauda akapata talaka yake na akahamia kwa dada yake pamoja na Hidaya.

Mngependa niishie hapo mpige makofi. Sina hamu ya makofi yenu. Mnajua watu waliandika nini chini ya kile kipande? Wapo waliolaani, ndiyo, na wapo waliolia. Lakini wengine waliandika, "Sehemu inayofuata iko wapi?" Wengine wakaandika, "Huyo wa sikio kaigiza vizuri, apigwe tena." Na mmoja, Mungu amrehemu na kichwa chake, akauliza kama mwenye beseni ndiye mwenye hoteli.

Ukabaki ule ukurasa. Mhina kafungwa, ukurasa upo, watu wanazidi kumiminika, na vipande vyote vimo ndani, vya zamani na hicho cha mwisho. Wazee wa mtaa walikubaliana kwamba uwe malipo ya aliyemwangusha Mhina, ndipo wakagundua kwamba hawajui ni nani. Simu yenye ukurasa ikawekwa mezani mbele ya Bi Kilua, mwenyekiti wa baraza, mama asiyecheka ovyo.

Sikudhani akasema kwanza, amegeuza kichwa kwa sababu sikio la kushoto sasa linapiga mluzi tu. "Wote mlikuwa mnajua au mnashuku, na uani pale palikuwa kimya. Mimi ndiye niliyeanza. Nililijua kofi linakuja, nikakaa nikalingoja. Uso ulio kwenye ukurasa ule ni wangu, na kazi nyingine sina. Nani atanichukua niigize na mimi siwasikii vizuri wenzangu? Nipeni niuendeleze. Tutacheza visa vilivyotungwa na wanawake wenyewe, na hakuna atakayetungiwa akiwa sakafuni."

"Na kofi la mwanzo?" Sauda akamuuliza. "Litakuwapo?"

Sikudhani akajibu, "Bila kofi hawafungui, dada."

"Halafu lile neno langu," Sauda akaendelea. "Jina la mwanangu. Uliniomba?"

"Ningekuomba ungenikatalia."

"Ndiyo. Ningekukatalia."

Mwamvua akasema wa pili. Mama yake alikwisha kumtolea vitu vyake nje, akamwambia aliyemvua nguo kaka yake hana kwao. "Ningebonyeza kile kitufe," akasema, "leo Bwana Huruma angekuwa harusini anaasa watu. Nipeni mimi, na sitaongeza kitu wala kupunguza. Ubaki kama ulivyo. Kaka yangu hatakaa ndani milele. Atatoka, ataoga, atavaa kanzu, atakwenda mji mwingine kuposa. Nataka huyo mwanamke atakapolitafuta jina lake aikute ile taa nyekundu inawaka."

"Wifi," Sauda akamwambia, na hakulisema kwa uchungu, jambo lililokuwa baya zaidi, "mimi nilipokuwa naposwa, wewe ulikuwapo. Ulikuwa unajua hasira zake. Uliniambia nini?"

Mwamvua akatazama chini. "Nilikwambia karibu kwetu."

Sauda akasema wa mwisho. "Mimi sina maneno mengi. Wao walitoa sikio na mama. Mimi nimetoa uso wangu miaka yote, na siku ile nikatoa stara, kwa sababu bila beseni langu kofi lingekuwa mchezo na taa ingekuwa taa tu. Kila kipande kilichomo mle ni siku yangu. Mwanangu akikaa na wenzake, mtu akifungua simu, mimi napigwa. Nipeni nifute vyote. Na kile cha mwisho pia."

"Ukikifuta hicho," Mwamvua akasema, "watasema hakikuwapo."

"Na wewe, dada," Sikudhani akasema, "wewe ndiye uliyechora. Kila jeraha lililomfanya mume wako kuwa Bwana Huruma lilitoka mikononi mwako."

"Najua," Sauda akasema. "Ndiyo maana nataka kulifuta mimi mwenyewe."

Mzee mmoja, wa wale wanaopenda kesi iishe chakula kisipoe, akapendekeza wapewe wote watatu. Bi Kilua akamtazama mpaka akajuta.

"Mmoja anataka ufutwe, mmoja uendelee, mmoja usiguswe," akasema. "Kilichofutwa nusu ni kitu gani, mzee wangu? Hebu nigawie nione."

Baraza likavunjika bila jibu. Kesho yake likakaa tena, likavunjika tena. Wanawake wale watatu hawakugombana. Walikuja pamoja na wakaondoka pamoja, na njiani Sikudhani alitembea upande ambao sikio lake zima linamsikia Sauda. Na wakati wazee wanakuna ndevu, watu huko nje walikuwa wakifungua sehemu ya kwanza, ile ya mchuzi kichwani, wanacheka, wanakwenda ya pili.

Basi nimemaliza sehemu yangu, na inanukia vibaya mikononi, kwa hiyo nawakabidhi. Mkimpa Sauda, yule mwanamke wa mji mwingine ataolewa na kanzu nyeupe bila kujua kilichomo ndani. Mkimpa Mwamvua, Hidaya atakua huku mamake anapigwa kwenye kila simu inayofunguliwa. Mkimpa Sikudhani, kofi litaendelea kupigwa, hata kama anayelitunga ni mwanamke. Na mkisema hamtaki kuamua, mmeshaamua, kwa sababu ukurasa uko wazi.

Mmoja alimfanya Mhina ajitokeze. Mmoja alimfanya aonekane. Mmoja alimfanya asiweze kukana. Toa mmoja, na Mhina yuko harusini.

Je, wewe ungempa nani ukurasa ule? Na wale wawili utakaowanyima, wakiwa wamesimama mbele yako, mmoja na sikio lake na mwingine na uso wake au na mlango aliofungiwa na mama yake, ungewaambia nini?